Maji ya Mafuta, Mionzi, na Ujanja wa Neno "Asili"

Kuna neno la Kiswahili ambalo likitajwa tu watu tunalegea. Neno lenyewe ni "asili". Dawa ya asili, sabuni ya asili, mafuta ya asili ya nywele. Ukitaka kuuza kitu Kariakoo, bandika hilo neno kwenye kopo halafu kaa usubiri wateja. Leo nataka tulijadili neno hilo hilo mahali ambapo wengi wetu hatujazoea kulisikia, yaani kwenye biashara ya mafuta na gesi. Huko nako lipo, na linafanya kazi ile ile ya kutulegeza. Tofauti ni kwamba huko linatumika kuelezea mionzi.

Ndiyo, mionzi. Nikisema mionzi najua wengi mnafikiria Hiroshima, Chernobyl au chumba cha eksirei hospitalini. Hakuna anayefikiria lori la maji linalopita kwenye barabara ya vumbi. Lakini huko Marekani, nchi iliyoanza kuchimba mafuta kibiashara tangu 1859, maji yanayotoka kwenye visima yamepeleka mionzi mitoni, kwenye barabara za vijijini na hata kwenye viwanja vya watu. Na sababu kubwa ya hali hiyo kudumu muda mrefu si ukosefu wa sayansi. Sababu ni majina. Sumu ikishapewa jina zuri, sheria huacha kuipima. Sisi wa Afrika Mashariki, ambao ndio kwanza tunaingia kwenye mafuta, bado tunayo nafasi ya kukataa majina na kudai namba. Hiyo ndiyo hoja yangu, na naomba mnivumilie niieleze taratibu.

Tuanze na jambo ambalo huwa halisemwi kwenye hotuba za uzinduzi. Kisima cha mafuta hakitoi mafuta peke yake. Kinatoa na maji, na mara nyingi maji ni mengi kuliko mafuta yenyewe. Kadiri kisima kinavyozeeka ndivyo maji yanavyozidi. Haya si maji ya kunywa. Yamekaa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka yakinyonya vilivyomo kwenye miamba: chumvi, ambayo mara nyingine huzidi ya bahari mara kadhaa, bariamu, strontiamu na radiamu. Miamba mingi duniani ina urani na toriamu kwa kiasi kidogo. Hizo zikivunjika taratibu huzaa radiamu, na radiamu huyeyuka vizuri kwenye maji yenye chumvi nyingi. Kwa hiyo pampu inapovuta mafuta, inavuta pia radiamu kutoka mahali ilipozikwa na kuileta juu, tunakoishi, tunakolima na tunakovua.

Hapo ndipo neno letu linapoingia. Wataalamu wanaiita mionzi hii "ya asili" kwa sababu haikutengenezwa na binadamu, haikutoka kwenye bomu wala kwenye mtambo wa nyuklia. Kisayansi wako sahihi kabisa. Ila nyoka naye ni wa asili. Kinachokusaidia kumwogopa nyoka si kujua alikotoka, ni kujua yuko umbali gani na wewe.

Radiamu iligunduliwa na Marie na Pierre Curie mwaka 1898. Aina iitwayo radiamu-226 hupungua nusu kila baada ya miaka kama 1,600. Maana yake ni kwamba kama mtu angeimwaga mtoni zaidi ya miaka elfu moja kabla Vasco da Gama hajafika Malindi, leo hii karibu nusu yake ingekuwa bado ipo. Mionzi yake mikubwa ni ile iitwayo alfa. Ikiwa nje ya mwili haina nguvu sana, hata karatasi inaizuia. Ikiingia ndani, kwa kumezwa au kuvutwa na pumzi, habari inabadilika. Mwili unaifananisha radiamu na kalsiamu, ile ile ya kwenye maziwa, na kuipeleka kwenye mifupa. Huko hukaa miaka ikishambulia chembe za mwili kwa karibu. Juu ya hapo, radiamu inapovunjika huzaa gesi ya radoni, ambayo inajulikana kuwa moja ya sababu kuu za saratani ya mapafu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, linaiweka radiamu kwenye kundi la vitu ambavyo imethibitika kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu.

Tulijuaje yote haya? Kwa gharama ya mabinti wa watu. Kuanzia miaka ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wasichana wa viwandani New Jersey na Illinois walikuwa wakipaka rangi yenye radiamu kwenye namba za saa ili zing'ae gizani. Walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo yao, na waliambiwa haina madhara. Wengi wao taya zilioza, mifupa ikavunjika, wengine wakafa kwa saratani. Miaka hiyo hiyo radiamu ilikuwa ikiuzwa kwenye chupa kama dawa ya kuongeza nguvu! Tajiri mmoja wa Marekani, Eben Byers, alikunywa chupa nyingi za dawa hiyo na akafa 1932 huku mifupa ya uso wake imeharibika. Angalieni mtindo: kwanza jina zuri, baadaye makaburi.

Sasa twende Pennsylvania, maana huko ndiko kisa hiki kimeandikwa vizuri kuliko kwingine. Chini ya jimbo hilo upo mwamba uitwao Marcellus, wenye gesi nyingi. Kuanzia kama mwaka 2008 makampuni yalianza kuupasua kwa wingi kwa kutumia maji yenye shinikizo kubwa. Maji mengi yakaingia, na maji mengi yakarudi juu. Mwaka 2011 wataalamu wa jiolojia wa serikali ya Marekani walichapisha vipimo vya maji hayo. Kiwango cha katikati cha radiamu kwenye sampuli za Marcellus kilikuwa pikokuri 2,460 kwa lita. Pikokuri ni kipimo kidogo cha mionzi, msiogope jina. Linganisheni tu. Maji ya bomba ya kunywa nchini Marekani hayaruhusiwi kuzidi pikokuri 5 kwa lita. Mtambo wenye leseni ya nyuklia hauruhusiwi kumwaga mtoni maji ambayo wastani wake wa radiamu-226 umezidi 60. Hapa tunazungumzia 2,460.

Ni kweli hakuna aliyekuwa anakunywa maji hayo moja kwa moja kutoka kisimani. Swali ni yalikuwa yanakwenda wapi. Kwa miaka kadhaa sehemu yake ilipelekwa kwenye mitambo ya kusafisha majitaka ya miji, ile iliyojengwa kwa ajili ya maji ya vyooni na jikoni. Mitambo hiyo haikujengwa kuondoa radiamu. Maji yakapita, yakaingia mitoni. Februari 2011 gazeti la New York Times likaanika jambo hilo, na mwezi Aprili mwaka huo serikali ya jimbo ikayaomba makampuni yaache. Nasema ikayaomba. Katazo la nchi nzima la kupeleka maji ya visima vya namna hiyo kwenye mitambo ya majitaka ya umma lilikuja 2016.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walitoa matokeo kutoka kijito kiitwacho Blacklick, magharibi ya Pennsylvania, chini ya mtambo wa Josephine uliokuwa unasafisha maji ya mafuta na gesi. Mtambo wenyewe ulikuwa unafanya kazi: sehemu kubwa sana ya radiamu ilikuwa inaondolewa kabla maji hayajatoka. Lakini ile ndogo iliyobaki ilikuwa inatua kwenye tope la chini ya kijito, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Walipopima tope la pale maji yanapotokea, radiamu ilikuwa mara 200 hivi ya ile iliyokuwa juu ya mto. Hilo ni somo zito. Ukipima maji ya leo unaweza kuambiwa hali ni nzuri. Tope ndilo linalotunza kumbukumbu. Na si tope peke yake. Utafiti mwingine wa 2018 kwenye mto Allegheny ulikuta magamba ya kome waliokuwa chini ya sehemu ya kumwagia yakiwa na strontiamu nyingi, hata kwa miaka iliyofuata baada ya 2011.

Hapa sasa ndipo nilipotaka mfike. Lile ombi la 2011 lilihusu maji ya visima vya kupasua miamba tu. Visima vya mafuta vya kawaida, vya mtindo wa zamani, havikuhusika, na maji yake yakaendelea kupelekwa kwenye mitambo kadhaa na kumwagwa mitoni. Mwaka 2018 Duke wakarudi kupima sehemu tatu za namna hiyo, wakakuta tope lenye radiamu hadi mara 650 ya tope la juu ya mto. Na waliweza kuonyesha kwamba mzigo huo ulikuwa mpya, wa baada ya 2011. Radiamu haijui kama imetoka kwenye kisima cha kisasa au cha babu. Ni sheria tu iliyokuwa inajua, kwa sababu sheria ilikuwa inauliza "unaitwa nani?" badala ya kuuliza "umebeba nini?"

Jina la pili ni "dawa ya vumbi". Pennsylvania vijijini kuna barabara nyingi zisizo na lami. Kiangazi vumbi, masika matope, kama kwetu. Halmashauri zikawa zinapewa maji ya visima vya kawaida yamwagwe barabarani kutuliza vumbi, na wakati wa baridi kuyeyusha barafu. Kisheria hayakuwa taka tena, yalikuwa bidhaa yenye manufaa. Watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Penn State walikokotoa mwaka 2018 kwamba kati ya 2008 na 2014 umwagaji wa barabarani ulitoa radiamu zaidi ya mara nne ya ile iliyotoka kwenye mitambo ya kusafisha maji hayo, na mara 200 ya ile ya ajali za kumwagika. Yaani tulikuwa tunaogopa ajali, kumbe mambo makubwa yalikuwa yanafanyika kwa makusudi, mchana kweupe, na kibali mkononi. Jimbo lilisimamisha utaratibu huo 2018 baada ya mkazi mmoja kufungua shauri. Jimbo la jirani, Ohio, lilikwenda mbali zaidi: maji ya namna hiyo yalichujwa, yakatiwa kwenye chupa na kuuzwa madukani.

Na jina la tatu ndilo mama wa yote. Mwaka 1980 Bunge la Marekani liliziondoa kwa muda taka za uchimbaji wa mafuta na gesi kwenye sheria ya taka hatarishi, na 1988 Shirika la Ulinzi wa Mazingira, EPA, likaamua zibaki nje. Si kwa sababu hazina sumu. Kitu kile kile kikitoka kwenye kiwanda cha kemikali kinaweza kuhesabiwa kuwa taka hatarishi, kikitoka kisimani hapana. Upande wa mionzi nako, mamlaka ya nyuklia ya nchi hiyo haisimamii mionzi "ya asili" ya visimani, kila jimbo linajua lenyewe. Ndiyo maana kiwango cha 60 kinambana mwenye leseni ya nyuklia na hakimbani mwenye kisima.

Maji ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni chuma. Maji haya yakipita kwenye mabomba miaka mingi huacha ukoko mgumu, kama ule unaouona ndani ya birika la chai la zamani. Radiamu hujificha kwenye ukoko huo. Bomba likichakaa, ukoko unakwanguliwa, na vumbi lake linapeperuka. Huko Harvey, Louisiana, karibu na New Orleans, familia moja ilikuwa imekodisha ardhi yake kwa kampuni iliyosafisha mabomba ya mafuta. Ardhi ikabaki na radiamu. Mwaka 2001 jopo la raia waamuzi liliiamuru ExxonMobil ilipe dola bilioni 1 kama adhabu, juu ya fidia. Mahakama ya rufaa baadaye ikapunguza adhabu hiyo hadi dola milioni 112. Kwingine kusini mwa Marekani mabomba ya zamani yaliuzwa au kugawiwa, yakaishia kuwa nyua na hata vifaa vya kuchezea watoto.

Hebu fikirieni habari hiyo kwa macho ya Gerezani au Gikomba. Sisi chuma hakifi. Bomba la leo ni geti la kesho, grili ya dirisha ya keshokutwa, na jiko la mkaa baada ya hapo. Mnunuzi wa vyuma chakavu ana mizani. Hana kifaa cha kupima mionzi.

Nataka niwe mkweli kuhusu upande wa pili, maana hoja isiyosikiliza upande wa pili ni kelele. Serikali ya Pennsylvania ilifanya utafiti wake mkubwa na ripoti yake ya 2016 ilisema uwezekano wa wafanyakazi na wananchi kudhurika na mionzi ya mafuta na gesi ni mdogo kwa jumla, ingawa ilitaja maeneo yanayohitaji kuangaliwa zaidi, hasa umwagikaji na mitambo ya kusafisha. Pia si rahisi kunyoosha kidole kwa mgonjwa mmoja na kusema saratani yake ilitoka kijito fulani. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Pittsburgh, kwa fedha za idara ya afya ya jimbo, kilionyesha kwamba watoto waliokuwa wanaishi ndani ya maili moja ya kisima cha gesi walikuwa na uwezekano wa kupata saratani ya tezi za limfu mara 5 hadi 7 ya wale wasio na visima karibu. Hawakusema ni radiamu. Kwenye visima kuna mengi, benzini, moshi, kemikali. Hawakukuta pia uhusiano na baadhi ya saratani nyingine ambazo wazazi walikuwa wanazihofia. Sitaki mtu atoke hapa akisema mwandishi amesema mafuta ni saratani. Sijasema hivyo.

Ninachosema ni hiki: ubishi wote huo umekuwa mgumu kwa sababu vipimo vilianza baada ya maji kumwagwa. Ukipima baada ya miaka ishirini, kampuni itakuambia mionzi hiyo ilikuwepo tangu enzi, ni ya asili. Na wewe huna karatasi ya kumjibu. Mwananchi anakosa ushahidi si kwa sababu hakudhurika, bali kwa sababu hakuna aliyeandika namba ya siku ya kwanza.

Sasa turudi nyumbani. Uganda ilithibitisha kuwa na mafuta ya kibiashara 2006, kando ya Ziwa Albert. Mradi wa Tilenga, unaoendeshwa na TotalEnergies katika Buliisa na Nwoya, umepangiwa visima zaidi ya 400, na sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls. Kingfisher, wa CNOOC, uko kwenye mwambao wa ziwa. Bomba la kilomita 1,443 linatoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Kenya ilipata mafuta Turkana 2012 na kati ya 2018 na 2020 iliyasafirisha kwa malori hadi Mombasa kwa majaribio. Tanzania tunatoa gesi Songo Songo tangu 2004 na Mnazi Bay tangu 2006. Kote huko maji hutoka na bidhaa.

Kuna habari njema na lazima zisemwe. Mpango wa Tilenga ni kuyarudisha maji hayo chini ya ardhi kwenye miamba yalikotoka badala ya kuyamwaga, na hiyo ni njia bora kuliko mto. Pia mafuta ya Ziwa Albert yako kwenye mashapo yaliyotuama kwenye maziwa na mito ya kale, si kwenye bahari ya kale kama Marcellus. Radiamu hupenda chumvi, kwa hiyo kuna sababu ya kutegemea kwamba maji ya huko yatakuwa na mionzi kidogo kuliko ya Pennsylvania. Vizuri sana. Lakini "kutegemea" si kipimo. Na hata maji yakirudishwa chini yote, bado kuna ukoko wa mabomba, tope la chini ya matangi, maji yanayovuja bomba likipasuka, na vijana watakaotumwa kuingia ndani ya tangi na koleo kulisafisha. Mwandishi Justin Nobel aliandika kwenye Rolling Stone, Januari 2020, jinsi madereva wa malori ya maji hayo huko Marekani walivyokuwa wakifanya kazi bila vifaa vya kujikinga na bila kuambiwa wamebeba nini. Kama huko ilikuwa hivyo, kibarua wa kwetu mwenye mkataba wa miezi mitatu ataambiwa na nani?

Kuna jambo jingine la kwetu peke yetu. Radiamu hukaa kwenye mifupa. Mmarekani akila samaki hula mnofu na kutupa mifupa. Sisi dagaa tunamla mzima, kichwa, mifupa na mkia. Ziwa Albert kuna samaki wadogo, kama muziri, wanaovuliwa kwa wingi, wanaoanikwa na kuliwa hivyo hivyo Uganda na ng'ambo ya pili, Kongo. Kwa hiyo hata viwango vilivyokokotolewa kwa mlo wa Mzungu havitutoshi. Vipimo vyetu lazima vifuate sahani zetu.

Na wala msiseme hatuna wa kupima. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomu, makao makuu Arusha, iliyo chini ya sheria ya 2003. Wafanyabiashara wa vyakula wanaijua vizuri, maana mzigo unaoingia au kutoka hupimwa mionzi na kupewa cheti. Yaani tunapima maziwa ya unga kwa mionzi. Uganda wana Baraza la Nguvu za Atomu, Kenya wana mamlaka yao ya udhibiti wa nyuklia. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilishachapisha mwongozo mzima kuhusu mionzi kwenye sekta ya mafuta na gesi tangu 2003. Elimu ipo, taasisi zipo. Kinachotakiwa ni sisi raia kuuliza.

Tuulize nini basi? Mimi ninayo manne.

Kwanza, namba za siku ya kwanza. Radiamu ipimwe kwenye maji, kwenye tope la mito na ziwa, na kwenye samaki kabla ya kila mradi kuanza kutoa mafuta, na matokeo yawekwe hadharani kwa lugha ambayo mvuvi anaisoma. Kwa gesi ambayo tayari inatoka, ipimwe sasa, maana leo ni bora kuliko kesho.

Pili, sheria ihukumu kilichomo, si jina. Kama kiwango fulani cha radiamu hakiruhusiwi kutoka hospitali au maabara, kisiruhusiwe kutoka kisimani, hata kama ni ya asili, hata kama kisima ni cha kawaida, hata kama kinaitwa dawa ya vumbi. Na siku mkandarasi atakapojitolea kumwagia barabara yenu maji ya bure, mwombeni cheti kwanza.

Tatu, bomba lolote au tangi lolote lililotumika lisiende kwa muuza vyuma chakavu kabla halijapimwa. Hili ni rahisi, kifaa ni cha kushika mkononi.

Nne, wafanyakazi waambiwe. Wasafisha matangi, madereva na wakwangua mabomba wavae kipima mionzi kama anavyovaa fundi wa eksirei, na kumbukumbu zao zitunzwe hata kampuni ikiuzwa. Kampuni za mafuta huuzwa kila mara, ila radiamu haiuzwi nazo. Inabaki pale pale ilipoachwa.

Sisi waandishi nasi tujitazame. Magazeti yetu yanapenda moto. Tangi likilipuka tutakuwa ukurasa wa mbele siku tatu. Habari ya tope linalokusanya mionzi kimya kimya haina picha, haina majeruhi wa kupiga kamera, haina mkutano na waandishi wenye bahasha na soda. Inahitaji mtu wa kusoma ripoti ya kurasa mia tano na kuuliza kwa nini neno "radiamu" limetajwa mahali fulani, au halikutajwa kabisa. Kule Pennsylvania ni waandishi, watafiti wa vyuo na mkazi mmoja mbishi waliosukuma mambo, tena baada ya miaka mingi ya kumwaga.

Najua kuna watakaosema huu ni uoga wa wasomi, kwamba nchi maskini haiwezi kukataa mafuta kwa sababu ya pikokuri. Mimi sijasema tukatae mafuta. Hospitali za Hoima na Mtwara zinahitaji fedha hizo, na barabara pia. Nimesema tupime. Kupima ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na kisima kimoja, achilia mbali bomba la kilomita 1,443. Anayekataa kupimwa kwa gharama hiyo ndogo, ana sababu, na sababu hiyo haitakuwa umaskini wetu.

Kwa hiyo safari ijayo mtu wa kampuni au wa wizara akisimama mbele yenu na kusema mionzi hii msiihofu kwa kuwa ni ya asili, msimzomee. Mshukuruni, halafu mwulizeni swali moja tu: ni kiasi gani?

Naomba kutoa hoja.